Notepad++: dawa ya orodha zenye “Ngâ€™ombe”

Ofisi nyingi za Tanga zinazotunza orodha za wafugaji zinaijua hali hii: CSV (faili la jedwali lililoandikwa kama maandishi tupu) imetolewa kwenye mfumo wa mtandaoni ikiwa salama, ikifunguliwa kwa Excel, ng’ombe wote wamegeuka “Ngâ€™ombe”. Kwa kazi hiyo, Notepad++, programu ya kuhariri maandishi, inastahili nafasi kwenye kompyuta ya ofisi. Ni ya bure, ni ya Windows tu, ilitoka mara ya kwanza 2003, na mashine kuukuu inaimudu.

Kinachokorofisha ni ritifaa iliyopinda (’), ile ambayo Word huiweka yenyewe. Katika UTF-8, mojawapo ya usimbaji, yaani namna za kuandika herufi kwa baiti, inachukua baiti tatu, E2 80 99. Excel ikikuta CSV isiyo na alama ya utambulisho (BOM) mwanzoni, mara nyingi huisoma kwa Windows-1252, usimbaji wa zamani wa Windows, baiti moja herufi moja, ndipo zinazuka â, € na ™. Mpaka hapo hakuna kilichoharibika, mradi hujabonyeza kuhifadhi.

Sifa kubwa ya Notepad++ ni menyu ya Encoding, na humo humo ndimo watu wanamopotea. Chaguo za juu, kama ANSI (usimbaji wa zamani wa Windows yako) na UTF-8, hubadili namna ya kusoma tu. Zile zinazoanza na Convert to huandika baiti upya. Menyu yenyewe haikuelezi tofauti hiyo.

Faili likiwa bado zima, lifungue humu badala ya Excel, hakikisha ng’ombe anasomeka, chagua Convert to UTF-8-BOM, hifadhi. Baiti EF BB BF zinazoongezwa mwanzoni ndizo Excel inazozitambua. Faili likienda kwenye hifadhidata, chagua Convert to UTF-8, bila BOM. La sivyo baadhi ya mifumo itakataa safu ya kwanza ikidai haipo, na wewe unaiona kwa macho yako.

Kama uharibifu umeshahifadhiwa, yaani faili ni UTF-8 na ndani mna â€™ halisi, chagua Convert to ANSI, halafu UTF-8 ya juu, kisha hifadhi. Inafanya kazi pale ANSI ya Windows yako inapokuwa 1252. Ukikuta alama za kuuliza badala ya herufi, acha kuhangaika, omba faili upya.

Kasoro: hukisia usimbaji wa faili fupi na mara nyingine hukosea, kwa hiyo tazama kona ya chini kulia kabla ya kugusa chochote. Wala haikurudishii sifuri ya mwanzo wa namba za simu ambayo Excel imeila. Hilo ni tatizo jingine kabisa.

Mwenye Excel ya karibuni anaweza kupitia Data, From Text/CSV, na kuchagua 65001, yaani UTF-8. Na kama orodha ni ya Kiswahili tupu, Ctrl+H ukibadili ’ kuwa ' iliyonyooka inatosha: hiyo ni baiti moja, 27, ileile katika UTF-8 na Windows-1252.