Darasa la kusoma la Bibi Mwalimu, Ujiji: nyota nne, na ile ya tano naizuia

Kama una mtoto wa kidato cha kwanza au cha pili hapa Kigoma, anasoma kwa kugugumiza na insha yake haina kichwa wala miguu, hili darasa la Ujiji nalipatia nyota nne kati ya tano. Kama mtoto wako anasoma vizuri na unachotaka ni kumtoa B apate A, usipoteze nauli. Si mahali pake.

Mwenye darasa ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Hana bango, hana ukurasa mtandaoni, na jina lake silitaji kwa sababu hajaniruhusu. Watoto wanamwita Bibi Mwalimu, na ukifika sokoni Ujiji ukauliza kwa jina hilo, akina mama wa mawese watakuonyesha njia. Anafundishia barazani kwake, jioni tatu kwa wiki, na hachukui watoto zaidi ya kumi kwa wakati mmoja. Ada ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Wazazi wavuvi hulipa giza la mwezi likiingia, maana mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliki na hela hakuna, naye analijua hilo, hasumbui mtu. Mama mmoja wa Kibirizi aliniambia kwamba mwaka 2024, uvuvi ulipofungwa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei hadi Agosti, mtoto wake hakurudishwa nyumbani hata siku moja.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Mwanga. Kijana wangu alifaulu darasa la saba akapangiwa shule ya kata. Miaka saba amefundishwa kila kitu kwa Kiswahili, halafu Januari inafika, jiografia ni Kiingereza, baiolojia ni Kiingereza, hata hesabu nayo ni Kiingereza. Hilo kila mzazi analilalamikia na sina jipya la kuongeza. Ila jambo ambalo watu hawalisemi ni kwamba watoto wengi wanaokwama kwenye Kiingereza, hata Kiswahili hawakisomi sawasawa. Tunawasikia wanaongea vizuri, basi tunadhani na kusoma wanajua.

Kabla ya hapo nilimpeleka kwenye tuisheni moja ya mjini, ambayo nayo siitaji. Chumba kimejaa hadi dirishani, mwalimu anajaza ubao notisi, watoto wananakili, ubao unafutwa, unajazwa tena. Kijana alirudi na madaftari yamejaa mwandiko mzuri. Nikamwambia anisomee alichoandika mwenyewe mchana ule. Hakuweza.

Sasa Bibi Mwalimu. Siku ya kwanza hakuuliza ripoti ya shule. Alimpa kijana habari fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la tatu asome kwa sauti, kisha ya darasa la nne, kisha ya tano, yeye kimya na penseli mkononi, anaweka alama kila neno linapomkwaza. Halafu akachukua karatasi na kusema, “Haya, nisimulie.” Hapo ndipo kijana alipobaki anatazama dari. Maneno yote aliyatamka, habari yenyewe haikumwingia.

“Mama, huyu herufi anazijua,” akaniambia. “Anasoma kwa mdomo. Hana ugonjwa sawa na wa yule pale.”

Yule pale alikuwa binti wa kidato cha pili anayekwama kwenye silabi zenyewe: “ng’ombe” anaisoma “ngombe”, “mbwa” anaitafuta kwa dakika nzima. Bibi anawakalisha watoto hawa sehemu mbili na kuwapa kazi mbili tofauti. Wa silabi wanasoma kipande kilekile kifupi tena na tena, leo na kesho, mpaka ulimi uzoee na akili ipate nafasi ya kufuata maana. Wa maana wanasoma polepole na kuulizana maswali. Kwa sisi mafundi hili halihitaji maelezo, nguo haikatwi kabla ya kuchukua vipimo. Lakini sijaona tuisheni nyingine mjini hapa inayopima kwanza.

Halafu vifungu vyenyewe. Anaviandika kwa mkono, anatoa kopi, na karibu vyote ni habari za hapahapa. Kuna cha sokwe wa Gombe na jinsi Jane Goodall alivyowaona wakitumia majani kuvua mchwa kichuguuni mwaka 1960. Kuna cha Stanley kumkuta Livingstone hapo Ujiji mwaka 1871, na hicho wanakwenda kukisomea palepale kwenye kumbukumbu, chini ya miembe, kisha wanalinganisha na maandishi waliyoyakuta. Lakini kinachonifanya nikae tena kusikiliza ni kile cha Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika.

Kinaeleza kwamba meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaja Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Ikaunganishwa hapa, ikaingia majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916, vita vilipowaelemea, Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Katikati ya habari kuna sentensi moja tu: kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi.

Bibi anaisimamisha hapo. Kwa nini upake grisi kitu unachokwenda kukizamisha? Kifungu hakisemi. Watoto wanarudi kusoma juu, wanarudi chini, wanabishana. Mmoja akasema labda ilikuwa desturi. Mwingine akasema walitaka izame haraka, wakamcheka. Kijana wangu, ambaye mwezi uliotangulia alikuwa anatazama dari, akasema, “Walitaka kurudi kuichukua.” Bibi hakumsifu. Alimuuliza, “Umeipata wapi?” Akamlazimisha aonyeshe kwa kidole mstari uliompa wazo hilo. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na kitenge cha mteja mapajani, sindano ikasimama.

Kuandika kunaanzia kwenye kifungu hichohicho. Anatoa sentensi fupi, “Liemba ilizamishwa”, na kila mtoto anairefusha mara tatu: kwa “kwa sababu”, kwa “lakini”, kwa “hivyo”. Ilizamishwa kwa sababu Wajerumani hawakutaka adui aipate. Ilizamishwa lakini haikuoza. Ukitazama ni kazi ndogo, ila mtoto hawezi kuweka “lakini” bila kufikiri. Wakishaweza hapo wanaunganisha sentensi nne kuwa aya, na insha hawaigusi mpaka aya isimame.

Na Kiingereza kinaingia mwisho, kwa habari ileile. Mtoto anapokutana na Liemba kwa Kiingereza, kisa chote keshakijua, kwa hiyo anapambana na lugha peke yake, hapambani na lugha na kisa kwa pamoja. Anafundishwa pia kwamba herufi za Kiingereza hazina uaminifu wa herufi zetu. Kwetu “a” ni “a” popote utakapoikuta. Kule neno “enough” kijana alikuwa akilisoma herufi kwa herufi kama jina la kijiji. Maneno ya namna hiyo wanayakusanya kwa makundi kwenye daftari la nyuma, yanayofanana sauti pamoja. Hii naona ni njia ya haki zaidi kuliko kumchapa mtoto kwa kutojua kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwambia.

Jambo linalowaudhi baadhi ya wazazi ni usahihishaji wake. Mwezi mzima anasahihisha kosa la aina moja tu. Kwangu alianza na “r” na “l”, maana kijana alikuwa anaandika “arikuwa” na “kurara”, kama tunavyoongea nyumbani. Makosa mengine yote akayaacha hapo hapo, hata nukta zilizokosekana. Baba mmoja alikuja na daftari la mwanawe, amekasirika, anauliza ada analipia nini. Mimi namtetea Bibi. Daftari lililojaa wino mwekundu mtoto halisomi, analifunga. Kosa moja analikumbuka, na mwezi unaofuata linakuja lingine.

Ushahidi wangu si alama za shule, ambazo zimepanda kidogo tu. Ni daftari la oda la kibandani. Zamani nikimwachia duka anaandika “mama bluu sketi kesho”, na kesho wanakuja akina mama watatu wa bluu. Siku hizi naikuta: “Mama wa Katubuka, kitenge cha bluu chenye ndege, sketi ya solo, kiuno kipunguzwe kwa sababu ya zamani ilimvuka, anaichukua Ijumaa kabla ya saa nane.” Hilo “kwa sababu” nalijua lilikotoka.

Mzazi naye anapewa kazi. Kila usiku mtoto amsomee mtu kwa sauti, dakika kumi, halafu aeleze alichosoma. Nilimwambia Bibi kwamba Kiingereza changu ni cha kuulizia bei. Akasema hainihusu, nisikilize tu kisha nidai maelezo kwa Kiswahili. Nisipoelewa maelezo, basi naye hajaelewa. Tunatumia vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu, ambavyo viko bure kwenye maktaba yao ya mtandao na vinafunguka hata kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka.

Sasa nyota niliyoizuia. Mitihani haigusi kabisa. Upimaji wa kidato cha pili una mtindo wake wa maswali, na mtoto anayejua kusoma bado anaweza kupotea kwa kutojua swali linataka nini. Bibi anasema hiyo ni kazi ya shule. Huenda, lakini shuleni watoto ni wengi kupita kiasi na kazi hiyo haifanyiki kwa mtoto mmoja mmoja. Afadhali hata jioni moja kwa mwezi wangefanya maswali ya miaka iliyopita. Pia maneno ya sayansi hafundishi, na huko ndiko kijana wangu anakopoteza alama nyingi sasa.

Saa nazo zina shida. Wanamaliza jua likizama, na daladala za kurudi mjini wakati huo zinajaa vibaya. Kwa mvulana navumilia. Binti yangu sijui kama ningemruhusu bila mtu wa kumfuata, na wazazi wa Gungu niliozungumza nao wanasema vivyo hivyo. Masika baraza linavuja upande wa kulia, kopi nyingine zimefifia hadi unabahatisha maneno, na simu yake ukiipiga hupokelewa na mjukuu ambaye hafikishi ujumbe.

Nimalizie kwa jambo ambalo halimo kwenye ada. Yule binti wa silabi, Bibi aliona anainamisha karatasi upande mmoja kila akisoma. Akamwita mama yake, akamwambia kabla ya kulipia mwezi mwingine ampeleke hospitali akapimwe macho. Anavaa miwani sasa. Silabi bado zinamsumbua, ila “mbwa” haitafuti tena.

Ukitaka nafasi, nenda Desemba. Matokeo ya upimaji yakishatoka Januari, wazazi wanapanga foleni na baraza ni lilelile. Nenda na mtoto mwenyewe maana bila kumsikia anasoma hapokei hela, na mbebee penseli mbili na kifutio. Kalamu ya wino mwezi wa kwanza hairuhusiwi.