Bia ya matunda ya kutengeneza nyumbani: ununue tunda gani, na likiwa katika hali gani

Hamira hula sukari. Ukishalishika hilo, nusu ya maswali ya kununua tunda la bia yamejijibu. Utamu unaousikia ulimini ukila tunda bivu hutaukuta kwenye glasi. Utaliwa karibu wote, na kitakachobaki ni uchachu, harufu na rangi. Kwa hiyo usinunue tunda kwa utamu wake. Rasiberi, cheri chachu na pasheni hazimezwi na bia. Stroberi huvunja moyo: harufu yake hupotea upesi na wekundu hufifia hadi rangi ya nyasi kavu. Pichi ni hafifu pia. Anayeitaka ladha yake anunue aprikoti, maana ndani ya bia aprikoti hunukia pichi kuliko pichi yenyewe.

Nafasi ya kwanza naipa matunda yaliyogandishwa, wala sisiti. Kwa kawaida huchumwa yakiwa yameiva, na barafu imekwisha kupasua kuta za seli zake, hivyo yakiyeyuka tu juisi inatoka yenyewe. Soma pakiti: liwemo tunda peke yake, bila sukari. Ila kugandisha hakuui vijidudu vyote, vingi vinalala tu. Mimi huyaponda, huyapasha hadi nyuzijoto 70 hivi za Selsiasi kwa dakika 15, huyapoza, ndipo huyatia. Yasichemke, kwa sababu pektini, ile inayogandisha jamu, itaifanya bia isiwe angavu na tunda litakuwa na ladha ya jamu. Kwa bia lita 20, rasiberi kilo 2 zinatosha kusikika, 3 zinatawala. Cheri zinahitaji zaidi: kriek, yaani bia chachu ya cheri ya Ubelgiji, kwa mfano, mara nyingi hutiwa gramu 200 au zaidi kwa kila lita.

La pili ni rojo la matunda la kopo au mfuko, lililokwisha kuuliwa vijidudu kiwandani. Kama hujawahi kutengeneza bia ya matunda, anza na hili. Halina kokwa wala maganda, na unalimimina moja kwa moja. Nimelishusha kwa sababu huwa ghali zaidi kwa kilo, huacha masimbi mazito chini ya chombo, na likishafunguliwa inabidi ulimalize.

Tunda bichi, yaani bivu ila lisilogandishwa wala kusindikwa, liko la tatu, na ninajua wengi watakataa. Linastahili pale tu unapolipata katika msimu wake na unalinusa kabla ya kulipa. Hata hivyo utalikosha, utalitoa kokwa na kulilaza kwenye friza, yaani unajifanyia kazi ambayo pakiti ya kwanza ilishakufanyia.

Juisi inafaa ikiwa lebo haitaji potasiamu sorbeti wala sodiamu benzoeti. Vihifadhi hivyo huizuia hamira kufanya kazi. Matunda makavu nayapita: mengi hutiwa salfa, na mengine hupakwa mafuta yanayoua povu. Mwisho kabisa ni matone ya ladha. Ya rasiberi hunipa harufu ya dawa ya kikohozi. Nayanunulia kazi moja tu, kuongeza harufu kidogo siku ya kujaza chupa, tone kwa tone.

Lolote utakalochagua, litie baada ya uchachukaji mkuu, ule wa mwanzo wenye povu jingi, kutulia, la sivyo mapovu yataondoka na harufu uliyoilipia. Bia yenyewe iwe nyepesi, ya ngano ikiwezekana, yenye hopi chache, yale maua yanayotia bia uchungu. Chombo kiwe na nafasi tupu ya kutosha juu, kwani tunda huelea na kuziba njia ya hewa.

Na kama huna haidromita, kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki katika bia, inunue kabla ya tunda. Sukari ya matunda huamsha hamira upya. Usijaze chupa mpaka kipimo kibaki palepale siku 3 mfululizo. Chupa ya kioo iliyojazwa mapema hupasuka, na vipande vyake huruka mbali.