Giaboksi ya Surf imenifia mara mbili ndani ya mwaka mmoja, gereji ya Mikanjuni ndo iliyomwona muuaji

Nina Toyota Hilux Surf ya 1997, ile ya injini 1KZ-TE, dizeli ya turbo lita tatu, otomatiki gia nne. Kazi yangu viungo, napanda Amani, kule milima ya Usambara, kuchukua iliki, mdalasini na pilipili manga kwa wakulima nashusha Tanga mjini, kwaiyo viti vya nyuma vimelazwa mwaka mzima na keria juu haikosi magunia, sio gari ya kwenda harusini hii. Naandika kuhusu gereji iliyonifungia giaboksi safari hii ya pili maana wenzangu wenye Surf, Prado na Hilux za zamani za otomatiki wananiuliza kila siku, na mie roho inaniuma nikiona mtu anataka kurudia kosa langu.

Jina la gereji siliweki, mzee mwenyewe kaniomba, anafanya kazi na vijana wawili tu na hataki magari yajazane uani kwake yakingoja wiki tatu. Ipo Mikanjuni hapa hapa Tanga, uwanja wa mchanga na banda la mabati, ukiulizia fundi wa otomatiki utaonyeshwa.

Ilivyoanza ni hivi. Mwaka jana masika yanaanza, nikiweka R ya kurudi nyuma gari inasita sekunde mbili tatu halafu inashika kwa kishindo. Haikukaa sana, ikawa nikipanda Amani kwenye zile kona za juu injini inapiga resi mwendo hauongezeki, na taa ya O/D OFF (ya kuzima ovadraivu, yani gia ya nne) kwenye dashibodi inamweka yenyewe wala sijagusa kitufe. Nikaipeleka gereji moja ya mjini. Hawakupima chochote, kijana akachomoa stiki ya kupimia oili ya giaboksi, akanusa, akasema oili imeungua, giaboksi imekufa dada, tafuta nyingine. Nikanunua ya mtumba 1,400,000, ufundi 200,000, oili nikanunua mwenyewe. Siku mbili ikafungwa, nikashukuru Mungu, nikarudi kazini. Miezi minne tu. Nimeshuka Amani na magunia kumi na moja, nafika Muheza naweka D gari inaunguruma haiendi, naweka R hivyo hivyo, mzigo wa watu uko juu na jua linazama. Ile jioni sitaisahau.

Mdogo wangu ndo alinipeleka kwa huyu mzee. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitika marahaba mwanangu, na swali la kwanza halikuwa imefanya nini wala una bajeti gani, aliuliza gari imevutwaje mpaka hapa. Nikamwambia kamba, kutoka Muheza, tumeweka N, gia huru. Akauliza N ya mkono gani, wa giaboksi au wa transfa? Sikujua kama kuna tofauti. Akanieleza taratibu: pampu ya oili ndani ya giaboksi ya otomatiki inazungushwa na injini, injini ikizimwa pampu imelala, sasa ukivuta gari matairi yanazungusha propela shafti na propela inazungusha vyuma vya ndani vikiwa vikavu, kilomita thelathini na kitu zile zinatosha kumaliza hata giaboksi iliyokuwa mgonjwa kidogo tu. Kwa gari yenye mkono wa transfa kama Surf, ule wa kuingiza dabo defu, matairi yote manne, unaweka transfa N, hapo giaboksi inapumzika, au unapakia gari kwenye lori. Mie nimeendesha miaka kumi na mbili na hakuna aliyewahi kuniambia hilo.

Halafu akachomoa stiki, akaipangusa kwenye kitambaa cheupe, akaniita niangalie. Oili ya ATF, yani ya giaboksi ya otomatiki, ikiwa nzima ni nyekundu inang'aa, ikiungua inakuwa kahawia na inanuka kama kitu kilichoshika chini ya sufuria. Yangu ilikuwa na rangi ya juisi ya mapera iliyotiwa maziwa. Akaenda kwenye rejeta, akafungua mfuniko, juu ya maji kuna utando wa mafuta. Akasema mwanangu, giaboksi yako imekunywa maji.

Hapa ndo naomba mnisome polepole. Kwenye hizi gari oili ya giaboksi inapoozwa ndani ya rejeta, kuna mrija umelala ndani ya tanki la rejeta, oili inapita ndani ya mrija, maji ya injini yanapita nje yake. Rejeta ikizeeka, na hasa ikiwa inajazwa maji ya kisima badala ya kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, ule mrija unaliwa na kutu mpaka unatoboka, maji na oili vinaonana. Na zile sahani za klachi ndani ya giaboksi zina utando kama karatasi uliogundishwa kwa gundi kwenye chuma, maji yakiingia karatasi inavimba na kubanduka, vipande vinaziba njia za oili kwenye valvu, ndo mwisho wa habari. Haina cha gari mbovu wala mtumba mbovu. Na visima vyetu huku pwani vingi ni vya chumvi, mimi mwenyewe nilikuwa najaza maji hayo hayo, kidumu nakiweka nyuma ya kiti.

Nikamuuliza, una hakika gani mzee, isije ikawa nanunua na rejeta bure. Hakukasirika. Vijana wakaishusha rejeta, wakaziba tundu moja la njia ya oili, tundu la pili wakafunga hozi ya kompresa, wakaizamisha yote kwenye pipa la maji. Mapovu yakatoka. Yani nilisimama pale naangalia mapovu nikijumlisha kichwani, 1,600,000 niliyolipa mwanzo, zimeondoka na tobo lisiloonekana kwa macho, na ile gereji ya kwanza ilizifunga na kuzifungua hozi mbili za rejeta hiyo hiyo bila kujiuliza. Huenda hata giaboksi ya kwanza ilikufa kwa ugonjwa huo huo, sina ushahidi maana oili yake ilimwagwa siku ile ile.

Tukaja kwenye uamuzi. Njia zilikuwa tatu. Kuifungua na kuifufua, akasema vyuma vingi bado vizima ila seti kamili ya sahani na sili kwa bei ya maana ingebidi isubiriwe, na konveta, ile ngoma inayounganisha injini na giaboksi, ikishanywa maji haifunguki kuoshwa hapa kwetu, imechomelewa. Kubadili iwe manyuo, watu wengi walinishauri hivyo, na huyu mzee hakuibeza ila akanihesabia: giaboksi, pedali na kiti chake, flaiwili, klachi nzima, silinda ya juu na ya chini, propela inaweza isilingane urefu, na waya za kompyuta zinazotegemea giaboksi, ukijumlisha unakaribia bei ya otomatiki na gari ukija kuiuza mnunuzi anaiogopa. Nikachagua mtumba tena, lakini mtumba uliochaguliwa.

Tuliagiza Dar, Gerezani kwenye maduka ya spea. Kabla ya kupiga simu alinionyesha kibao cha chasisi, kuna mstari umeandikwa TRANS/AXLE, ile namba ndo unayompa muuzaji, sio kumwambia naomba ya Surf, maana Surf ya petroli na ya dizeli mdomo wa kufungia kwenye injini ni tofauti, na ya dabo defu na isiyo dabo nazo nyuma hazifanani. Akamtuma kijana wake mmoja kwa nauli yangu. Masharti aliyompa: asinunue mpaka sampu, ile trei ya oili chini ya giaboksi, ifunguliwe mbele yake. Ndani ya sampu kuna sumaku, ukikuta uji laini mweusi kwenye sumaku ni uzee wa kawaida, ukikuta vipande vinavyong'aa au mabaki ya karatasi za klachi unaondoka. Giaboksi mbili za kwanza zilikataliwa. Ya tatu 1,550,000 na konveta yake, ikaletwa kwa basi mpaka stendi ya Kange.

Kufunga kwenyewe nilikaa siku nzima nikiangalia, na kwangu hapo ndo thamani ya gereji ilipoonekana. Paipu za oili zilioshwa na kupulizwa mpaka ikatoka safi, maana ukifunga giaboksi mpya kwenye paipu zenye takataka ya ile ya zamani umeiwekea sumu mwenyewe. Filta mpya, gasketi mpya, oili sili ya mbele mpya wakati bado ipo chini, kwa vile sili yenyewe ni pesa ndogo na kuishusha tena giaboksi ni siku nzima. Konveta aliiingiza kwa mkono mwenyewe, anaisukuma huku anaizungusha, inadondoka hatua kwa hatua mpaka imezama yote, halafu akapima kwa rula kabla hajaruhusu giaboksi ikutane na injini. Nikauliza kwa nini anahangaika hivyo, akasema ikibaki nje kidogo ukaivuta kwa bolti unavunja pampu, na utaijua siku utakayowasha gari. Rejeta tukaweka mpya na kulanti, na mbele ya rejeta akafunga kipoozeo kidogo cha nje cha oili kwa ajili ya mlima wa Amani, kwa sababu otomatiki inayobeba mzigo mlimani adui yake ni joto.

Gari ilipowashwa ile taa ya O/D OFF ikaanza kumweka tena, moyo ukanilipuka. Mzee akachukua kipande cha waya, akafungua kile kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti, akaunganisha matundu ya TE1 na E1, switchi ikawashwa, taa ikahesabu: sita, ikapumzika, moja. Sitini na moja, sensa ya spidi. Plagi yake ilikuwa na kutu ya kijani, ikasafishwa, ikafungwa, taa ikazima. Dakika ishirini, bure. Hebu fikiria ningekuwa kule nilikoambiwa imekufa dada.

Gharama yote: giaboksi 1,550,000, rejeta 380,000, kipoozeo 120,000, lita 12 za ATF 192,000, filta na sili na gasketi 95,000, nauli na usafirishaji 110,000, ufundi 350,000. Ufundi wake ni ghali kuliko wengine hapa mjini, nasema wazi, na simuombei apunguze.

Yasiyonifurahisha yapo. Aliniambia siku nne ikawa tisa, na siku tatu katika hizo simu haikupokelewa, mimi nina wakulima wananisubiri na iliki ikikaa inapoteza harufu. Risiti nilimuomba mara mbili, nikapewa karatasi ya daftari yenye sahihi, hakuna waranti iliyoandikwa, ni neno la mdomo kwamba miezi mitatu ikileta shida anaifungua bila malipo. Na uani hapana paa la kutosha, mvua ilinyesha siku ya sita wakafunika kila kitu kwa turubai, kwa kazi inayotaka usafi kama hii anahitaji banda lililofungwa, nimemwambia na amekubali.

Saa hizi ni mwezi wa saba tangu ifungwe. Nimepanda Amani zaidi ya mara ishirini na mzigo, R inashika hapo hapo, gia ya tatu kwenda ya nne siisikii. Mlimani nazima O/D na nikiona inahangaika naweka 2, siiachi irukeruke yenyewe kati ya gia. Kila Jumapili napima oili kama alivyonifundisha, injini ya moto na inaunguruma, unapitisha mkono kwenye gia zote taratibu unarudi P, ndo unachomoa stiki unasoma alama za HOT, sio gari imezimwa asubuhi. Mwezi wa sita nilirudi kwake kumwaga oili, nati ya chini ikafunguliwa zikatoka kama lita mbili tu, nyingine inabaki kwenye konveta, kwaiyo tumekubaliana nirudi tena baada ya miezi miwili tumwage mara ya pili. Ilitoka nyekundu.

Mkienda kwake nendeni asubuhi, Ijumaa anafunga mpaka baada ya swala, na msimwambie mnataka giaboksi, mwambieni gari inafanyaje.