Kambi za macho za Lions: zinapofaa na zinapomwacha mgonjwa njiani

Mzee mwenye mtoto wa jicho, anayekaa mbali na hospitali na asiye na pesa za upasuaji, ni vigumu kumpatia huduma inayoishinda kambi ya bure ya macho ya klabu ya Lions, chama cha watu wanaojitolea kuhudumia jamii. Mwenye presha ya jicho, mwenye kisukari cha miaka mingi, au mtoto mdogo mwenye ukungu kwenye mboni, hao kambi haiwafai sana, na mara nyingi hakuna anayewaambia mapema. Tunazungumzia kambi za Kenya, zile za mahema kwenye uwanja wa shule au zahanati, wanachama wamevaa vizibao vya manjano.

Kwanza tutenganishe nani anafanya nini. Klabu huleta pesa, mahema, chai, basi na watu wa kupanga foleni. Wapimaji, wapasuaji na vifaa hutoka hospitali ya macho waliyoshirikiana nayo, kwa mfano ile ya Lions SightFirst iliyoko Loresho, Nairobi. Kwa hiyo kambi mbili za klabu moja zaweza kutofautiana kabisa. Swali la kuuliza kabla ya kupanda matatu ni hili: hospitali gani inakuja, na inakuja na mashine zipi?

Kushikilia macho si jambo la juzi kwao. Lions ilianzishwa Chicago mwaka 1917 na Melvin Jones. Mwaka 1925 Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia, aliwahutubia kwenye mkutano wao Cedar Point, Ohio, akawataka wawe mashujaa wa vipofu. Mpango wao wa kupambana na upofu, SightFirst, ukafuata mwaka 1990.

Tangazo hupitia kwa chifu, misikitini, makanisani na kwa wahudumu wa afya ya jamii. Hapa ndipo kambi nzuri na mbovu zinapoanza kuachana, kabla hata hema halijasimamishwa. Wahudumu wakipita nyumba kwa nyumba na tochi, wakaandika majina ya wazee wenye mboni nyeupe, kambi hupata wagonjwa wa kupasuliwa. Likitegemewa gari la kipaza sauti peke yake, huja umati wa wanaotaka miwani ya kusomea, naye asiyeona kabisa hubaki nyumbani kwa sababu hana wa kumshika mkono.

Kituo cha kwanza baada ya kuandikishwa ni chati ya herufi E, mita 6 kutoka kwenye kiti, jicho moja kwa wakati. Mita 6 ni kama hatua nane za mtu mzima. Zihesabu mwenyewe, maana kosa la kukadiria umbali ni la kila mara. Kosa jingine ni kutundika chati kwenye mti huku jua likiwaka nyuma yake. La tatu ni mgonjwa kuziba jicho kwa vidole na kuchungulia katikati. Azibe kwa kiganja, bila kukandamiza. Ukiandikiwa 6/60, maana yake unahitaji kusogea hadi mita 6 kuona kile ambacho mwenye macho mazima angekiona akiwa mita 60.

Kisha kuna kadi yenye tundu dogo. Ukitazama kupitia tundu hilo na herufi zikakaa sawa, tatizo lako huenda ni la miwani. Zisipobadilika, kuna kitu ndani ya jicho. Kipimo hiki hakimalizi dakika moja, lakini kikiachwa, wa miwani na wa upasuaji wote wanajazana kwenye meza moja ya daktari, na kufikia saa nane mchana foleni imekwama.

Kwenye meza hiyo mgonjwa humulikwa tochi kutoka pande nne, aseme mwanga unatoka wapi. Jicho lisilotambua mwanga hata kidogo halisaidiwi na upasuaji, hata likiwa na mtoto wa jicho mweupe kama tui. Mwambieni mzee ukweli huo palepale. Kumpa tarehe ya kurudi ili tu asikasirike ni kumtwisha nauli ya bure.

Udhaifu mkubwa tunaouona ni presha ya jicho, yaani glakoma. Ugonjwa huu hula mshipa wa fahamu wa jicho polepole, kwa kawaida bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Kuutafuta kunahitaji kifaa cha kupima shinikizo la ndani ya jicho na mtu wa kuukagua huo mshipa nyuma ya jicho. Baadhi ya kambi hazifanyi hata kimoja, lakini mtu huondoka akiwa ameambiwa macho yake ni mazima. Hapo tunatoa alama ya chini bila kusita. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepofuka kwa glakoma asiridhike na kambi. Aende kliniki ya macho. Vivyo hivyo mwenye kisukari, ambaye anahitaji dawa ya kupanua mboni ili nyuma ya jicho ionekane vizuri, kazi isiyofanyika kwa haraka chini ya turubai.

Waliochaguliwa kupasuliwa hupimwa presha ya damu na sukari. Wengi huahirishwa hapa, na sababu mara nyingi ni ndogo: mtu ameacha vidonge vyake vya presha asubuhi hiyo akidhani kabla ya upasuaji ni lazima afunge kula. Upasuaji huu wa mtu mzima kwa kawaida hutumia ganzi ya jicho tu. Meza vidonge vyako kama siku zote, kula, isipokuwa hospitali yenyewe imekuagiza vingine, na njoo na dawa zako zote mfukoni.

Basi la kwenda hospitali ndiyo sehemu ambayo Lions wanaiweza kuliko mashirika mengi: majina kwenye orodha, mgonjwa ana kibandiko juu ya jicho la kupasuliwa, uji unangoja. Jicho moja hupasuliwa kwa safari, aghalabu lile baya zaidi. Kabla ya hapo lazima urefu wa jicho na mviringo wa kioo chake vipimwe, ndipo nguvu ya lenzi ya plastiki itakayowekwa ndani ichaguliwe. Kosa la milimita 1 kwenye urefu huzaa kosa la dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.5 hadi 3, yaani mtu anatoka na jicho safi lakini bado anahitaji miwani mizito. Kumwekea kila mtu lenzi ya nguvu moja ni mtindo wa zamani. Ukisikia unatumika, uliza maswali.

Upasuaji wenyewe hupasua tundu la milimita 6 au 7 linalojifunga lenyewe bila nyuzi. Lenzi iliyochafuka inatolewa, ya plastiki inawekwa. Mikono iliyozoea haichukui hata nusu saa. Kesho yake bandeji inafunguliwa, na hii ndiyo saa ya picha, wanachama wamezunguka, mzee anacheka. Hatuna ubaya na picha. Tatizo ni kwamba kazi haijaisha.

Matone ya kuzuia maambukizi na uvimbe hutumika kwa wiki 4 hadi 6, yakipunguzwa hatua kwa hatua. Chupa ikiisha wiki ya pili, na duka la dawa la karibu halina aina hiyo, mgonjwa huacha. Klabu makini huwapa chupa za kutosha na karatasi yenye picha za jua na mwezi kwa asiyesoma. Katika wiki hizo hakuna kusugua jicho, kuinamia jembe, kubeba ndoo, wala kukaa juu ya moshi wa kuni. Maumivu yanayozidi, wekundu unaoongezeka, usaha, au kuona kunakofifia ghafla: rudi hospitali siku hiyohiyo, maana maambukizi ya ndani huharibu jicho kwa saa, si kwa wiki. Namba ya simu ya kupiga iandikwe kwenye kadi, na iwe ya muuguzi. Katibu wa klabu hawezi kumsaidia mtu usiku wa manane.

Ndiyo maana klabu tunaipima kwa ziara ya marudio. Je, basi linarudi kijijini, au mgonjwa anatafuta nauli mwenyewe? Waliopasuliwa wamepimwa tena kwenye chati ileile na matokeo kuandikwa? Na miwani ya kusomea wamepewa? Lenzi inayowekwa kwa kawaida huonyesha mbali. Ya kuchambulia mchele au kusoma Msahafu na Biblia bado ni miwani, mara nyingi ya karibu +2.50. Klabu inayoripoti idadi ya waliopasuliwa bila idadi ya wanaoona imeripoti nusu.

Kwa wanaochangia pesa, Lions wana utaratibu mzuri: akaunti mbili. Ada za wanachama huendesha klabu, chakula cha mikutano kikiwemo. Pesa zilizochangwa na umma huenda kwenye miradi ya umma. Unaruhusiwa kuuliza mchango wako umeingia ipi.

Miwani ya mitumba inayokusanywa kwenye masanduku hatuipendekezi sana. Lazima kila jozi isafishwe, ipimwe nguvu kwa mashine na kutupwa ikiwa na mikwaruzo, na hata hapo lenzi mbili zilizotengenezewa macho ya mtu fulani Ulaya ni nadra kumwenea mtu wa Kitui. Sanduku la miwani mipya ya kusomea, +1.00 hadi +3.50, hufanya kazi zaidi kwa gharama ndogo.

Na mtoto mwenye mboni nyeupe asisubiri tarehe ya kambi. Anahitaji usingizi kamili wa upasuaji na timu ya watoto, kama iliyoko hospitali ya Kikuyu, au hospitali za CCBRT (Dar es Salaam) na KCMC (Moshi) kwa walio Tanzania. Jicho la mtoto lililofunikwa muda mrefu halijifunzi kuona, na weupe huo pengine si mtoto wa jicho bali ni kansa. Klabu ikitaka kusaidia hapo, ilipe nauli ya mama na mwana wiki hiyohiyo.