Paley Park: Bustani Ndogo Inayofunika Kelele za Mji

Habari zenu, karibuni. Kabla sijasema lolote, sikilizeni kwanza.

Huo mvumo si upepo, wala maikrofoni haijaharibika. Ni maji. Nyuma yangu kuna ukuta wa karibu mita 6 kwenda juu, na maji yanauteremka mfululizo. Nipo Paley Park, Barabara ya 53 Mashariki, Manhattan, katikati kabisa ya New York.

Sasa twendeni wote hadi pale mlangoni. Mnasikia? Honi, mabasi, king'ora kinapita. Haya, nageuka, narudi ndani taratibu… na honi zinafifia. Hilo ndilo lililonileta. Maji hayaondoi kelele za magari, zipo palepale. Ila sauti yake ni ya aina moja, haikatiki, hivyo inazimeza zile za ghafla zinazomshtua mtu. Sikio likishaizoea, linaiacha tu. Ndiyo maana nasema bustani hii haina ukimya hata kidogo, na bado nimekaa hapa saa nzima mabega yakiwa yamelegea.

Ilifunguliwa mwaka 1967. William S. Paley, aliyeijenga CBS, kampuni ya redio na televisheni ya Marekani, aliitoa kwa kumbukumbu ya baba yake, Samuel. Ni mali ya taasisi binafsi, lakini anaingia yeyote, bure. Na ukubwa wake? Mita za mraba 390 hivi, kama kiwanja cha nyumba moja! Pande mbili kuta zimefunikwa na mimea inayotambaa, na juu miti ina majani madogomadogo, kwa hiyo kivuli chake si kizito. Mwanga unapenya na kuchezacheza mezani.

Jambo jingine ninalolipenda mno ni viti. Havikufungwa chini. Unakibeba chako unakipeleka utakako: kivulini, juani, karibu na maji, au mbali na mtu anayezungumza sana. William H. Whyte, aliyechunguza kwa miaka namna watu wanavyotumia viwanja vya mji huu, aliona kuwa wengi hukisogeza kiti kidogo kabla ya kukaa, hata pasipo haja. Nimetazama leo, na kweli! Mama mmoja amekisogeza chake kama shubiri moja, akakaa, akafungua kitabu. Benchi la zege lisingempa uhuru huo.

Kasoro zipo. Saa ya chakula cha mchana panajaa, kiti unakisubiri. Njooni asubuhi. Simu nayo msipige mkiwa karibu na ukuta, mtaishia kupayuka. Na hapa si pa kukimbia wala kurusha mpira. Wenye watoto wadogo, pandeni kaskazini mitaa sita tu, mtaikuta Central Park, nyasi tele.