Mashine ya Sarafu ya Springi Sita: Tathmini Baada ya Miezi Saba Hosteli

Mashine ninayoitathmini hapa ni sanduku la bati lenye kioo mbele, lenye kimo cha mtu aliyeketi kitini, lililotengenezwa na karakana moja ya Dar es Salaam na kufungwa kwenye korido ya hosteli ya wanafunzi wa kike mjini Morogoro, hatua chache kutoka duka langu. Ina njia sita, kila njia na springi yake, na inauza pedi, sabuni za vipande, karanga, biskuti, wembe na dawa ndogo za meno kwa sarafu ya shilingi 500 pekee, yaani jero. Niliinunua kwa laki tisa na nusu, na leo imetimiza miezi saba kazini. Karakana siitaji jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyalalamikia wamekwisha kuyarekebisha na mengine tungali tunayabishania.

Wengi huniuliza kwa nini nimechagua sarafu katika zama hizi ambazo hata muuza mihogo analipwa kwa simu. Jibu langu ni kwamba anayehitaji pedi saa sita za usiku, duka likiwa limefungwa, mara nyingi ndiye huyohuyo ambaye salio la simu limekwisha, na hata akiwa nalo, makato ya kutuma fedha kidogo humfanya ajiulize mara mbili. Zaidi ya hapo, mashine inayopokea jero peke yake haihitaji kurudisha chenji, maana bei zote zimepangwa kwa jero: karanga ni jero moja, sabuni jero mbili, pakiti ya pedi jero nne. Sehemu ya kurudisha chenji ndiyo ghali na ndiyo inayoharibika upesi, kwa hiyo kuiepuka ulikuwa uamuzi wa busara. Faida ambayo sikuitarajia ni kwamba kila asubuhi ninafungua duka nikiwa na jero za kutosha kwenye droo, na zile kelele za "mama sina chenji, nipe pipi" zimekwisha.

Kifaa cha kupokea sarafu ndicho kilichonifurahisha zaidi. Ni kile cha kulinganisha: ndani yake imewekwa jero moja ya mfano, na sarafu inayotumbukizwa hupita katikati ya koili, yaani mizunguko ya waya wa umeme, zinazopima ukubwa wake na jinsi madini yake yanavyoitikia, kisha hulinganishwa na ile ya mfano. Ikifanana hushuka kwenye boksi la fedha; isipofanana hutemwa kwenye kibakuli cha chini. Mimi nilikuwa nimeona mahali kifaa kilichotumika cha aina ya zamani, kwa bei ya kutupa, kinachochuja sarafu kwa sumaku ili kunasa washa za chuma, vile visahani vyenye tundu vya kuwekea bolti ambavyo wajanja hutumbukiza badala ya sarafu, na fundi wa karakana akanikatalia. Alikuwa na haki. Jero yetu, iliyoingia mikononi mwetu mwaka 2014, ni chuma kilichopakwa nikeli, hivyo sumaku ingeikamata pamoja na hizo washa, na mashine ingebaki inakataa fedha halali ya Benki Kuu ya Tanzania.

Kabla ya kuipokea niliketi karakanani na jero hamsini, mpya na zilizochakaa, pamoja na washa kumi zenye kipenyo kinachokaribia milimita 27.5 za jero. Mara ya kwanza zilipita jero 41 na washa hazikupita kabisa. Fundi akalegeza skrubu ya usikivu robo mzunguko, zikapita 49, lakini na washa moja ikapenya. Tukarudi nyuma kidogo na kuishia jero 47 bila washa hata moja, na hapo nikasema basi, kwa sababu anayetemewa jero iliyochakaa huchukua nyingine, ilhali washa zikianza kupita, habari hiyo itaenea hosteli nzima kabla ya chakula cha jioni. Heron wa Aleksandria, mvumbuzi wa Kigiriki aliyeeleza karibu miaka elfu mbili iliyopita kifaa cha hekaluni kilichotoa maji matakatifu kwa sarafu, alitegemea uzito tu: sarafu iliangukia sahani kwenye ncha ya wenzo, wenzo ukainama na kufungua njia ya maji, mpaka sarafu ilipoteleza na kuanguka. Kifaa hicho kingeridhika na kipande chochote cha chuma. Na ng'ambo ya barabara, mkabala nami, kuna duka la vifaa vya ujenzi, ambako washa hazikosekani.

Upande wa springi sifa zinapungua. Kanuni yake ni nyepesi: pakiti husimama katikati ya mizunguko ya waya, mota huzungusha springi mzunguko mmoja kamili, swichi ndogo nyuma huizima, na pakiti ya mbele huanguka. Kanuni hiyo hudai nafasi kati ya mzunguko na mzunguko ilingane na unene wa bidhaa, lakini karakana ilileta springi sita za kipimo kimoja. Pedi zilikaa vizuri, kama zimepimiwa. Sabuni zilicheza na kulala chali. Karanga za kwenye nailoni, ambazo ni nyepesi na laini, zilining'inia kwenye ncha ya waya kama nguo kwenye kamba, mteja akiziona kwa macho yake mawili na asiweze kuzifikia. Nilipata nafuu kwa kubandika kila pakiti ya karanga kwenye kipande cha kadibodi ili isimame wima, na kwa kumwomba fundi azungushe ncha za springi zielekee chini zisukume kitako cha pakiti. Kadibodi hizo zinanigharimu saa nzima kila Jumapili.

Swali ninaloipima nalo mashine ya aina hii ni moja tu: mzigo usipotoka, hela ya mteja iko wapi? Mwezi wa pili niligongewa mlango wa duka alfajiri na binti wa mwaka wa kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mashine yako imekula jero zangu tatu."

Alikuwa amekwisha kutumbukiza ya tatu, anaitafuta ya nne kwenye mkoba, umeme ukakatika. Uliporudi, kioo kidogo cha tarakimu kilisoma sifuri. Nilimpa pakiti yake nikampunguzia bei, kisha usiku ule nikarudia tukio lote mwenyewe: jero tatu ndani, chomoa waya, chomeka, sifuri. Bodi, ile sakiti inayoiongoza mashine, ilikuwa ikihesabu sarafu kwenye kumbukumbu inayofutika, na hakuna aliyefikiri kwamba umeme hukatika Morogoro! Karakana ilibadili programu bila malipo, na sasa hesabu hubaki hata waya ukichomolewa usiku kucha. Hilo ninawashukuru.

Ambalo hawajalitimiza ni kihisio cha kuanguka. Mashine inaamini imeuza kwa sababu tu mota imezunguka. Karanga ikining'inia, yenyewe inajua kazi imekwisha. Mstari wa mwanga usioonekana, uliopitishwa juu ya kibakuli cha chini, ungetambua kwamba hakuna kilichopita, ukaamuru springi izunguke tena, na ikishindikana ukabakiza hesabu ili mteja achague njia nyingine. Kurudisha sarafu yenyewe kungedai chumba cha kuishikilia kabla haijashuka kwenye boksi, na kwa mashine ya bei hii sidai hivyo. Bila kihisio, mteja hufanya kinachofanywa kila mahali: huishika mashine mabegani na kuitikisa. Ndiyo maana nilikataa isimame sakafuni na kudai bolti nne ukutani, kwa kuwa sanduku lililojaa likimwangukia mtu si jambo la kulipia jero.

Boksi la fedha nalo lilichorwa na mtu ambaye hakupiga hesabu. Jero moja ina gramu 9.5, jero elfu moja, yaani laki tano, ni kilo tisa na nusu, na boksi lilikuwa la bati jepesi lililoshikiliwa kwa alama mbili za kuchomelea. Lilianza kubonyea wiki ya tatu. Isitoshe, kufuli la mlango wa bidhaa ndilo lilelile la boksi, hivyo kijana anayejaza karanga anabeba pia ufunguo wa mapato. Ni mwaminifu, lakini hakustahili kuwekewa mtihani huo.

Pamoja na hayo nimeagiza ya pili, kwa ajili ya jengo la nyuma. Kwenye karatasi ya oda tumeandika springi za vipimo vitatu, kihisio cha kuanguka na kufuli mbili, na fundi ameweka saini. Malipo ya mwisho nitayatoa baada ya kutumbukiza jero tatu na kuchomoa waya mbele yake.