Bloom, African Storybook na Kolibri: kipi kinafaa maktaba ya shule ya msingi Dar es Salaam

Mtoto wa Darasa la Kwanza ukimpa kitabu chenye neno "mbwa" kabla hajajua kuunganisha m, b na w, ataangalia picha atasema "mbwa", na mwalimu ataandika kwamba mtoto anasoma. Hasomi. Hapo ndipo hadithi nyingi za bure za mtandaoni zinapomwangusha mwalimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu): zimepangwa kwa idadi ya maneno, hazikupangwa kwa sauti ambazo mtoto ameshafundishwa. Kwa sababu hiyo, kati ya vifaa tunavyovipima hapa, Bloom tunaiweka mbele, ingawa ndiyo inayosumbua zaidi mwanzoni.

Bloom ni programu ya bure ya kutunga vitabu, imetengenezwa na SIL, shirika linaloshughulika na lugha. Kazi ya kutunga hufanyika kwenye kompyuta ya Windows. Kwenye simu na kishikwambi mtu anasoma tu kitabu kilichokwisha kutengenezwa. Toleo la sasa halikubali Windows 7, kwa hiyo kabla hujapoteza bando kulipakua, angalia kwanza kompyuta ya ofisi ya walimu ina Windows gani. Kompyuta nyingi za shule zilizotolewa kama msaada zitakwamia hapo.

Kinachoipa Bloom thamani ni sehemu ya kupanga hatua za usomaji. Unaiambia programu herufi zipi zinafundishwa hatua ya kwanza, zipi ya pili, na kuendelea. Ukiandika hadithi ya hatua ya pili, kila neno lenye herufi ambayo bado haijafika linawekewa alama. Fuata mfuatano wa kiongozi cha mwalimu unachotumia darasani, usijitungie wako. Tuseme hatua ya kwanza ina irabu zote tano pamoja na b, k, l, m na n. Tayari una baba, mama, kaka, bibi, kuku, kobe, kula, lala na nani. "Kaka ana kuku. Bibi ana kobe. Kobe analala." Kitabu kimeanza, na mtoto anakisoma kweli.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuingiza alfabeti moja moja na kuishia hapo. Ukifanya hivyo, programu ikishaona m, b, w na a zimefundishwa, italipitisha neno "mbwa" bila alama yoyote, kwa sababu haijui kwamba kwa mtoto konsonanti tatu zilizobanana ni somo lingine kabisa. Dawa yake ni kuingiza mafungu hayo kama herufi zinazojitegemea: ch, dh, gh, ny, ng', sh na th kwanza, kisha mb, nd, ng, nj na nz, kisha bw, kw, mw, na mwisho mbw, ngw na yanayofanana nayo. Kila fungu liwe na hatua yake. Kazi hii inaweza kuchukua alasiri nzima, ila inafanywa mara moja tu, na mipangilio hiyo hiyo inaweza kuhamishiwa kompyuta ya shule ya jirani.

Angalia pia kikato cha ng'. Kuna kikato kilichonyooka na kilichopinda, na ukinakili maneno kutoka Word mara nyingi unapata kilichopinda. Kwa kompyuta ni alama mbili tofauti, kwa hiyo "ng'ombe" mmoja atapita na mwenzake atakamatwa. Amua utatumia kipi, kisha utumie hicho hicho kwenye orodha ya herufi na kwenye hadithi.

Bloom ina pia kipimo cha ngazi kinachohesabu maneno kwa sentensi na kwa ukurasa. Hapo Kiswahili kinahitaji tahadhari. "Hawatamsomea" ni neno moja lenye silabi saba: ha-wa-ta-m-so-me-a. Ukiweka kikomo cha maneno matano kwa sentensi, ukaandika maneno matano ya namna hiyo, mtoto atachoka kabla hajafika kwenye nukta. Kwa vitabu vya mwanzo weka kikomo cha maneno matatu au manne, na maneno yenye zaidi ya silabi nne yachunge kwa macho yako mwenyewe.

Sifa nyingine ya Bloom ambayo watu hawaisemi vya kutosha ni michoro. Mkusanyo wake uitwao Art of Reading una michoro zaidi ya 10,000, na mingi ni ya mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe. Kwa shule inayotoa kopi nyeusi na nyeupe huo ni ukombozi. Picha nzuri ya rangi ikipita kwenye mashine ya fotokopi inageuka doa la kijivu, mtoto haoni mbuzi wala mti.

African Storybook ndiyo inayojulikana zaidi, na inastahili. Ni mradi wa Saide ya Afrika Kusini. Hadithi zake zinasomwa bure, na kuna programu za simu za kusomea bila intaneti na za kutungia. Ngazi ni tano, kuanzia maneno ya kwanza hadi hadithi za mwalimu kusomea darasa. Watoto waliochorwa ni wa Kiafrika, na kuna mihogo, mbuzi, bibi, na safari ya kwenda kisimani. Kwa kusomea watoto kwa sauti hatujui mahali pengine pa bure penye hadithi nyingi za Kiswahili zenye mazingira ya nyumbani namna hii.

Shida yake ni lugha. Hadithi nyingi zimefasiriwa na watu tofauti, nyingine kwa Kiswahili cha Kenya. Mtoto wa Mbagala atakutana na matatu badala ya daladala, tarakilishi badala ya kompyuta, stima badala ya umeme, karo badala ya ada, shule ya upili badala ya sekondari. Mtoto wa Darasa la Tano atanufaika kuyajua maneno hayo. Wa Darasa la Kwanza anapambana na herufi, na neno asilowahi kulisikia linamnyang'anya njia pekee ya kuhakiki kama amesoma sawa. Zipo pia hadithi zenye upatanisho uliopinda wa ngeli. Isome kila hadithi yote kwa sauti kabla hujaitoa kopi. Leseni zake huria za Creative Commons, CC BY na CC BY-NC, zinaruhusu kubadilisha maneno, mradi ukurasa wenye majina ya mwandishi, mchoraji na mfasiri ubaki na useme umebadilisha nini. Ile yenye NC hairuhusu biashara, kwa hiyo usiipeleke ikauzwe siku ya wazazi.

StoryWeaver, tovuti ya hadithi za bure ya Pratham Books, India, iliyoanza mwaka 2015, ina ngazi nne: ya kwanza haifiki maneno 250, ya pili 250 hadi 600, ya tatu 600 hadi 1,500, na ya nne inazidi hapo. Michoro yake ni ya kupendeza kuliko yote. Wengine wanaikwepa kwa sababu picha ni za India, lakini mtoto wa Dar anapanda bajaji kila siku na anajua embe, hivyo umbali si mkubwa wanavyodhani. Tunaipendekeza kuanzia Darasa la Tatu.

Sasa karatasi, maana hadithi iliyobaki kwenye simu ya mwalimu haijafika maktaba. Chukua kijitabu cha kurasa 16 cha ukubwa wa A5. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa nne, kwa hiyo unahitaji karatasi tatu za ndani na moja ya manila ya jalada. Darasa la watoto 90 wanaosoma watatu watatu linahitaji nakala 30: karatasi 90 na manila 30. Rimu moja ya karatasi 500 inatoa hadithi tano, na zinabaki karatasi 50 za kufidia zitakazoharibika. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, la sivyo utapata kurasa tupu mwishoni.

Bloom inatoa PDF ya jalada na ya ndani kila moja peke yake, na kurasa zimeshapangwa kwa ajili ya kukunjwa. Pale steshenari mambo mawili huharibu kazi. La kwanza, fundi anachagua tena mpangilio wa kijitabu kwenye printa, kurasa zinapangwa mara ya pili na zote zinavurugika. Mwambie achapishe kwa ukubwa halisi, pande mbili, igeuke kwa upande mfupi. Akigeuza kwa upande mrefu, ukurasa wa nyuma unatoka miguu juu. La pili, kuchapa nakala zote 30 kabla ya kukunja moja. Toa nakala moja, ikunje, ihesabu kurasa zake, ndipo uendelee. Peleka PDF kwenye flashi, usipeleke faili la Word, maana kompyuta ya dukani isipokuwa na fonti zako mistari inahama.

Karatasi ya gramu 80 inaonyesha maandishi ya upande wa pili. Kwa vitabu vya wanaoanza, gramu 100 ikipatikana ni bora. Omba printa ya tona. Wino wa maji ukiguswa na vidole vyenye jasho unafutika, na jasho la Dar hakuna asiyelijua. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi, na hata ukikodi ndefu, pini hushika kutu kwa hewa ya pwani na kuchafua mkunjo. Shona. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa sindano nene, ingia na uzi wa nailoni tundu la kati, pita la juu, shuka hadi la chini, rudi la kati, funga fundo. Wanafunzi wa Darasa la Sita wanajifunza kwa siku moja.

Kolibri ya Learning Equality, programu ya bure ya kusambaza masomo na vitabu bila intaneti, ni ya shule yenye vishikwambi lakini isiyo na bando la kila siku. Unaiweka kwenye kompyuta moja, unapakua hadithi mara moja mahali penye intaneti nzuri au unazihamisha kwa flashi, kisha vishikwambi vinasoma kupitia ruta bila intaneti yoyote. Chagua folda za Kiswahili peke yake. Ukipakua kila kitu, diski itajaa. Kwenye kishikwambi fungua kivinjari uandike anwani ya kompyuta ikifuatiwa na :8080.

Ikigoma, sababu huwa ni moja kati ya tatu. Kinga ya Windows imefunga njia, basi iruhusu Kolibri. Anwani ya kompyuta imebadilika baada ya kuwashwa upya, basi ifunge kwenye mipangilio ya ruta isibadilike. Au kishikwambi kimeona Wi-Fi haina intaneti kikarudi kwenye laini ya simu, na hapo zima data. Wengi wanashauri kompyuta ndogo ya Raspberry Pi kwa sababu ni rahisi. Kwa mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa hatuishauri peke yake, kwani umeme ukikatika wakati kadi yake ya kumbukumbu inaandikwa, kadi inaweza kuharibika na kazi yote ikapotea. Kompyuta mpakato ya zamani yenye betri inayoshika hata nusu saa ni salama zaidi. Vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 vilivyogawiwa kwa walimu vinatosha kusomea, kwa sababu Kolibri inahitaji kivinjari tu.

Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ni ya vitabu vya kiada. Itumie kwa maandalizi ya somo, lakini usiitegemee kwa hadithi, wala usikate kurasa zake kutengenezea vijitabu, maana hazina leseni huria kama hizo nyingine.

Kwa kuazimisha vitabu, kuna wanaoshauri Koha, programu ya kuendeshea maktaba. Ni mfumo mzuri, ulizaliwa New Zealand na ukaanza kazi mwaka 2000, na chuo kikuu chenye fundi wake wa kompyuta kitafurahi nao. Shule ya msingi yenye vitabu 800 haihitaji seva ya Linux. Rejista ya daftari gumu yenye namba ya kitabu, jina, mwandishi, idadi, tarehe kilipoingia, kilikotoka na hali yake inatosha, pamoja na daftari la pili la kuazima kwa kila mkondo.

Namba za Dewey, zile za kupanga vitabu vya maktaba kwa mada, nazo ziangalie kwa jicho la shule. Fasihi ya Kiswahili yote inaingia 896.392. Ukiifuata kikamilifu, rafu yako ya hadithi itakuwa na namba moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na mtoto hatapata msaada wowote. Andika namba hiyo kwenye rejista, lakini kwenye mgongo wa kitabu bandika rangi ya hatua ya usomaji, hatua zile zile ulizoweka Bloom. Usitumie gundi ya maji kwenye kijitabu cha A5, inakunja jalada, tumia stika. Nyekundu hupauka upesi kwenye rafu inayopigwa na jua la dirishani, na ikipauka hufanana na ya waridi, kwa hiyo usiziweke rangi hizo mbili kwenye hatua zinazofuatana.